Ndogo Bei Gani? Kuisoma Lebo ya Pombe Kabla ya Kutoa Hela

Soko la pamba likifunguliwa Simiyu, hakuna mtu makini kama mkulima aliyesimama mbele ya mizani. Anataka kuona sifuri kabla gunia halijapandishwa. Kilo moja ikipungua, patakuwa na maneno, na karani atapima tena. Jioni mtu huyohuyo akikaa grosari karibu na stendi ya Bariadi, anauliza swali moja tu: "Ndogo bei gani?" Akitajiwa anatoa hela. Hiyo ndogo ina ujazo gani, na ndani yake kilevi ni kiasi gani, hilo halimsumbui. Lebo ipo, imeandikwa, lakini inabanduliwa kwa ukucha huku mazungumzo yakiendelea.

Makala hii inahusu lebo hiyo. Siandiki kumshawishi asiyekunywa aanze. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho kinaweza kuitwa salama kwa afya, na mimi sina la kubishana nalo. Ila anayekunywa ni mnunuzi kama wanunuzi wengine, na pombe ni bidhaa pekee ninayoijua ambayo mnunuzi hulipia nguvu yake bila kuiuliza.

Namba za kutafuta kwenye chupa ni mbili. Ya kwanza ni ujazo: mililita 200, 330, 500, 750. Ya pili ni asilimia, mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni au chini ya lebo, ikiwa na kifupi "Alc." au "Alk." na neno "vol". Asilimia hiyo inasema katika kila mililita 100 za kinywaji, alkoholi tupu ni mililita ngapi. Safari Lager ina 5.5, Kilimanjaro 4.5, Serengeti 4.8, na Balimi, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wanaiona ni yao, ina 5.5. Konyagi ina 35. Wiski na vodka nyingi za nje zina 40.

Namba moja peke yake haikwambii kitu. Mtu atakwambia bia ni nyepesi kwa sababu ni asilimia tano, akasahau kwamba chupa yake ni nusu lita. Mwingine atakwambia kichupa cha pombe kali ni kidogo, kinaingia mfukoni, akasahau kwamba ni asilimia 35. Zidisha ujazo kwa asilimia, gawa kwa 100, kisha zidisha jibu kwa 0.8, maana alkoholi ni nyepesi kuliko maji. Utapata gramu za alkoholi tupu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa gramu 20. Balimi ya ujazo huohuo inatoa 22, Kilimanjaro 18. Kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kinatoa gramu 56.

Hapo ndipo mambo yanapokaa vizuri. Kile kichupa cha mfukoni ambacho kijana wa boda anakimaliza kabla abiria hajapatikana ni sawa na bia tatu kasoro kidogo. Angeagiza bia tatu kwa mpigo, wenzake wangemtazama. Kichupa hakuna anayekiona.

Wataalamu wa afya wamezoea kuhesabu kwa kipimo kimoja cha gramu 10, ndicho ambacho Shirika la Afya Duniani hutumia. Kwa hesabu hiyo bia yetu ya nusu lita ni vipimo viwili, si kimoja. Nalisema hili kwa sababu ushauri mwingi unaotembea kwenye simu umeandikwa na watu wa mbali. Mwingereza anahesabu kwa gramu 8, Mmarekani kwa gramu 14, na bia yao mara nyingi ni kopo au chupa ndogo kuliko ya kwetu. Ukisoma "kinywaji kimoja" ukadhani ni chupa moja ya Balimi, umekosea kwa zaidi ya nusu.

Sasa tuje kwenye bei. Bei za pombe hubadilika kati ya Bariadi mjini, Lamadi na Mwanhuzi, kati ya dukani na baa, na tena baada ya kila bajeti. Kwa hiyo namba ninazotumia hapa ni za mfano wa kujifunzia hesabu; weka za kwako palepale. Tuseme bia ya mililita 500, asilimia 5, ni shilingi 2,000. Gramu 20 kwa 2,000, kila kipimo cha gramu 10 kimekugharimu shilingi 1,000. Tuseme kichupa cha pombe kali cha mililita 200 ni shilingi 4,000. Gramu 56, kila kipimo ni kama shilingi 715. Mzinga wa mililita 750, asilimia 35, kwa shilingi 14,000 una gramu 210. Kipimo kinashuka hadi kama shilingi 670. Chupa ya mvinyo wa Dodoma yenye asilimia 12 kwa shilingi 12,000 ina gramu 72 tu, na kila kipimo ni karibu shilingi 1,670. Chibuku ya lita moja yenye asilimia 4, kwa shilingi 1,500, ina gramu 32, na kipimo hakifiki shilingi 500.

Ukitazama namba hizi haraka utasema mzinga ndio nafuu kuliko bia, na Chibuku ndiyo nafuu kuliko vyote. Kwa gramu, ndiyo. Lakini ngoja kwanza tuipitishe toti kwenye mizani hiyohiyo.

Toti ya mililita 30 ya kinywaji cha asilimia 35 ina gramu 8.4. Ikiuzwa shilingi 1,000, kipimo cha gramu 10 kinakuwa karibu shilingi 1,200. Yaani mnywaji mwenye hela kidogo, anayenunua toti mojamoja kwa sababu hana ya mzinga, analipia kilevi kwa bei ya juu kuliko mwenye bia. Mzinga mmoja unatoa toti 25. Kwa bei za mfano wetu, mwenye baa amenunua kwa 14,000 na ameuza kwa 25,000. Sina ugomvi naye. Ana kodi, ana leseni, ana mhudumu wa kulipa. Ugomvi wangu ni na ile toti yenyewe. Sehemu nyingi haimiminwi kwa kipimo chochote. Inamiminwa kwa kizibo, au kwa jicho la mhudumu, na jicho la mhudumu lina siku zake nzuri na siku zake mbaya. Wakala wa Vipimo, wale wale wanaohakiki mizani ya pamba, kazi yao inahusu pia vimiminika vinavyouzwa kwa ujazo. Una haki ya kusema, "Dada, naomba unimiminie kwa kipimo." Toti ikiwa mililita 25 badala ya 30, umepoteza sehemu moja kati ya kila sita ulizolipia.

Tofauti ya 35 na 40 nayo inapuuzwa. Mizinga miwili imekaa rafuni, ujazo mmoja, bei zinakaribiana, mmoja asilimia 35 na mwingine 40. Wa pili una mililita 37 na nusu zaidi za alkoholi tupu, ambazo ni kama toti tatu na nusu za ule wa kwanza. Aliyezoea kuchanganya nusu glasi na soda ataendelea kuchanganya nusu glasi, na kesho yake atasema ile chupa ilikuwa feki. Haikuwa feki. Hakusoma tu.

Kwenye chupa za nje, hasa za Kimarekani, utakuta pia namba kubwa kama 80 au 100 ikifuatiwa na neno "proof". Usishtuke wala usijigambe nayo. Kwa mtindo wa Marekani namba hiyo ni mara mbili ya asilimia: 80 ni asilimia 40.

Kwa nini pombe kali inakuwa rahisi kwa gramu kuliko bia? Sababu moja ni kodi. Ushuru wa bidhaa kwa vinywaji vyetu hutozwa kwa lita ya kinywaji. Lita ya pombe kali hutozwa zaidi kuliko lita ya bia, hiyo ni kweli, lakini si mara saba, ilhali kilevi chake ni mara saba. Uingereza tangu Agosti 2023 inatoza kwa nguvu ya kinywaji, kila asilimia ikiwa na gharama yake. Huku kwetu anayetafuta kulewa kwa hela ndogo anasukumwa na bei yenyewe kuelekea chupa ndogo kali. Wachumi wa wizara wanalijua hili, na nadhani siku moja litabadilika. Mpaka hapo, bei ya dukani haikusaidii kuchagua kwa busara, inakuvuta upande mmoja.

Tulishawahi kuona mvuto huo unafika wapi. Viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vilikuwa rahisi kuliko soda, na vilikaa kwenye mifuko ya madereva, makondakta na wanafunzi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kuvipiga marufuku, na zuio likaanza tarehe 1 Machi 2017. Uganda nayo ilivizuia mwaka 2019. Kifuko kimoja cha mililita 100 chenye asilimia 35 kilikuwa na gramu 28, karibu bia moja na nusu, na mtu alikimaliza kwa kuking'ata pembe na kukikamua. Kiroba kimeondoka, kichupa cha plastiki kimechukua nafasi yake. Tofauti iliyobaki ni kwamba kichupa kina kizibo, unaweza kukifunga ukabakiza. Wangapi wanabakiza?

Narudi kwenye swali la nafuu. Mimi bei ya gramu naitumia kujua nimebeba nini, siitumii kutafuta gramu za bei rahisi. Bia inakutoza zaidi kwa gramu kwa sababu umenunua pia maji mengi, na maji hayo yana kazi: yanakujaza, yanakuchelewesha, yanakupeleka msalani, yanakupa muda wa kujisikia. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna supu, kahawa wala kuoga maji baridi kunakoongeza kasi hiyo. Aliyemaliza kichupa chake cha gramu 56 saa nne usiku, saa tisa alfajiri bado anacho mwilini, na kama mwili wake ni mdogo anaweza kufika alfajiri ya adhana nacho. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka kikomo cha miligramu 80 za alkoholi kwa kila mililita 100 za damu. Kijana wa boda aliyekunywa zaidi ya hapo, akalala saa sita na kuwahi wasafiri wa basi la saa kumi na moja kwenda Mwanza anaweza kuwa juu ya kikomo hicho huku akiapa kwamba leo hajagusa kitu. Na kweli leo hajagusa. Ni ya jana.

Kamati za harusi zinapaswa kuipiga hesabu hii kabla ya kwenda kwa wakala. Bia 60 kwa 2,000 ni shilingi 120,000, na gramu zake ni 1,200. Mizinga sita kwa 14,000 ni shilingi 84,000, na gramu zake ni 1,260. Mweka hazina atafurahi: ameokoa 36,000 na wageni wamepata kilevi kilekile. Lakini bia 60 zinanywewa usiku kucha, mizinga sita inaisha kabla keki haijakatwa, na mjomba ataomba kipaza sauti. Mimi ningelipa hiyo 36,000. Na ningeongeza kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, chenye 0.0 kwenye lebo, kwa ajili ya madereva, kwa sababu "naendesha" ni jibu ambalo kwetu linakuwa gumu mtu akiwa na glasi tupu mkononi.

Lebo ya Chibuku inahitaji jicho la peke yake. Hii ni pombe iliyo hai. Imefungwa ikiwa bado inachachuka, ndiyo maana boksi huachiwa nafasi ya kupumua, na asilimia iliyoandikwa ni makadirio ya safari: siku ya kwanza ni laini na tamu, siku za mwisho imekolea na kuwa chachu. Kwa hiyo kinachohitaji kusomwa hapo ni tarehe. Muda wake ni wa siku chache tu. Pombe kali, kwa upande wake, haiharibiki ikifungwa vizuri. Tarehe yake ya kutengenezwa inakusaidia kwa uhakiki, haihusu ubora wa ladha. Bia iko katikati: haikuleweshi zaidi ikizeeka, ila iliyoanikwa juani kwenye kibaraza cha duka huwa na harufu mbaya hata kama tarehe haijafika.

Bitters nazo zisikupite. Neno linasikika kama dawa, chupa ina picha za mizizi, na muuzaji atakueleza habari za mgongo na nguvu za kiume. Nyingi ni pombe kali zilizotiwa viungo. Geuza chupa, tafuta asilimia, na uihesabu kama pombe nyingine yoyote. Anayetumia dawa za kisukari, kifafa, presha au TB ana sababu ya ziada ya kuogopa kitu kinachojiita tiba huku kikiwa kilevi.

Vipi kuhusu visivyo na lebo kabisa? Pombe ya mtama inayopikwa majumbani Usukumani ina heshima yake, imepigiwa ngoma na imemaliza kazi nyingi za mashamba, na mpishi mzuri anajulikana kijiji kizima. Nguvu yake haikai sehemu moja. Inategemea kimea, joto, na siku ngapi mtungi umekaa. Huwezi kuilinganisha kwa shilingi na gramu, unaweza tu kumjua mpishi. Bado, kwa kuwa ni ya kuchachuliwa na haikukenekwa, nguvu yake haiwezi kupanda hadi kufikia ya pombe kali.

Gongo ni habari nyingine. Sheria ya kuzuia kuitengeneza na kuikeneka bila kibali ni ya mwaka 1966, ina umri mkubwa kuliko wengi wa wanaoinywa. Bei yake ndogo ndiyo sifa yake kuu, na bei hiyo haina maana yoyote, maana hujui unagawa kwa nini. Kikombe cha leo kinaweza kuwa asilimia 25, cha kesho 50. Kibaya zaidi ni methanoli, alkoholi ya viwandani ambayo watu wasio na huruma huitumia kuongezea nguvu au ujazo. Haina rangi, na kwa harufu na ladha huwezi kuitenganisha na ile ya kunywa. Mtu anaweza kulala salama, kisha baada ya saa 12 hadi 24 tumbo linamuuma, anatapika, anaona ukungu machoni. Akiona hivyo, hiyo si hangova: ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, maana dawa yake ipo lakini muda wa kuitumia hupita upesi. Kenya ilizika makumi ya watu Mei 2014 kwa pombe ya namna hiyo, na Februari 2024 ikazika wengine Kirinyaga. Wale wa Kirinyaga hawakunywa kwenye vichaka. Walikunywa kwenye baa.

Hiyo ndiyo sababu chupa yenye lebo nayo lazima ihojiwe. Anayeghushi hahitaji kiwanda. Anahitaji chupa tupu halisi, funeli, na kizibo. Kwenye chupa ya pombe kali tafuta stempu ya TRA. Tangu Januari 2019 stempu hizo ni za kielektroniki, na kuna programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu: unaielekeza kamera kwenye alama ya stempu na inakuambia kinywaji hiki ni cha nani na ni aina gani. Jibu likisema ni mvinyo wakati umeshika jini, rudisha. Stempu iliyochanika wakati kizibo bado kimefungwa, rudisha. Tafuta alama ya ubora ya TBS, jina na mahali pa mtengenezaji, namba ya bechi, na uone kama bechi iliyo kwenye lebo imechapwa vizuri au imegongwa kwa muhuri wa mkono. Zile namba za mistari (barcode) zinazoanza na 620 zinaonyesha zimesajiliwa Tanzania, za 616 Kenya, lakini usizitegemee kama kinga, maana mistari ni kitu rahisi kuliko vyote kunakili. Na omba risiti ya EFD. Duka linalokataa kutoa risiti kwa mzinga wa pombe kali linakwambia jambo kuhusu mahali mzinga huo ulikotoka.

Bei nayo ni ushahidi. Mzinga unaouzwa chini sana ya maduka mengine yote ya mjini una maelezo mawili: haukulipiwa ushuru, au haukutoka kiwandani. Hakuna muuzaji wa Somanda, hapa Bariadi, anayekupenda kiasi hicho.

Kuna jambo moja zaidi la lebo, nje ya pombe, ambalo wazazi wameanza kukutana nalo. Ndugu walioko Kanada, Marekani au Ulaya hutuma mizigo, na wakati mwingine ndani yake kuna pipi, biskuti au mafuta yenye lebo safi kuliko lebo yoyote ya pombe yetu, ikiwa na herufi THC na namba ya miligramu. Hiyo ni bangi. Kanada iliihalalisha Oktoba 2018 na ikaweka masharti makali ya lebo: kiasi cha THC lazima kiandikwe, na bidhaa ya kula haipaswi kuzidi miligramu 10 kwa pakiti nzima. Kwa Mkanada lebo hiyo ni ulinzi. Kwa mtu wa Bariadi haimlindi na chochote. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haiangalii kwamba imefungashwa vizuri, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imekuwa ikitangaza kukamata bangi ya kila umbo, pamoja na ile kali iitwayo skanka. Inayouzwa mitaani, yenyewe, haina lebo wala haiwezi kuwa nayo, kwa hiyo anayekwambia hii ni laini na ile ni kali anabahatisha. Ukiziona herufi hizo kwenye pipi, kwanza ziondoe mbele ya watoto. Kinachokuliwa huchukua nusu saa hadi saa mbili kabla hakijaonekana, na mtoto aliyesubiri dakika kumi bila kuhisi kitu ataongeza nyingine.

Kwa anayetaka jibu la moja kwa moja: kwa hela ileile, na kama umeamua kunywa, chukua bia yenye asilimia ndogo kuliko zilizopo, kwenye chupa uliyofunguliwa mbele yako. Utalipa zaidi kwa gramu na utakunywa gramu chache, na hilo ndilo ninaloliita kununua vizuri. Ukitaka pombe kali, nunua mzinga wenye stempu iliyohakikiwa, mgawane watu kadhaa, mpime kwa kipimo. Toti za baa na vichupa vya mfukoni ndivyo vinavyokula hela na afya kwa pamoja. Mvinyo ni ghali kwa gramu na sioni ubaya wa hilo. Gongo siiweki kwenye orodha.

Ukikutana na chupa isiyo na asilimia, stempu isiyosomeka, au ladha iliyokushtua, usiimwage wala kuitupa chupa. Ifunge, iandike ulinunua wapi na lini, iweke na risiti, kisha ipeleke kwa afisa afya au afisa biashara wa Halmashauri ya Mji wa Bariadi, au ofisi ya TBS Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza. Chupa ikishamwagwa, hawana cha kupima.